Nyayo Zilizoingia Kituoni

Kornelio Nyangwine, hakimu wa baraza karibu na Kerende, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akisoma hukumu, watu walizuia hata kikohozi. Baba yake alikuwa mfuata nyayo. Kabla katekista hajamfundisha herufi, Kornelio alishajua kwato za ng'ombe anayerudi malishoni na za ng'ombe anayeswagwa kwa haraka.

Asubuhi moja ya masika, mwaka 1954, mjane Bhoke alifika barazani, matope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

Ng'ombe wake wote walikuwa wameibwa. Majirani walifuata nyayo, zikaingia kwenye ua wa kituo cha polisi. Askari wakawatimua kwa virungu.

"Jioni watavushwa mpaka, baba. Nikikosa hao, watoto wangu watakula nini?"

Haikuwa mara ya kwanza. Kornelio alikwisha kwenda kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akaambiwa alete ushahidi. Kila aliyemwuliza aliinamisha macho.

"Mzee, polisi hawako chini ya baraza letu," karani wake Ryoba alisema. "Ukifukuzwa kazi utakula nini?"

"Mihogo yangu imeshakomaa. Chukua baiskeli, kamlete Bwana Shauri. Mwambie ushahidi upo, ila jua likiwaka utakauka."

Yeye alianzia zizini kwa Bhoke, akiinama kama baba yake. Nyuma ya kwato kulikuwa na alama za buti zenye misumari. Kijiji kizima kilitembea peku. Akaomba nyungo, wanawake wakazifunika alama zilizo wazi zaidi, moja baada ya nyingine, hadi langoni mwa kituo. Hapo wanakijiji wakaketi wakiuzunguka ua.

Sajini Benedicto alitoka akicheka.

"Hakimu, umeleta soko la nyungo?"

"Nimeleta desturi, Sajini. Nyayo zikiingia kijijini, wenyeji huonyesha mahali zilipotoka tena. Wakishindwa, hulipa."

"Hiki ni kituo, si kijiji!"

"Matope hayajui hilo. Tuzunguke."

Walizunguka ua wote. Hakuna alama ya ukwato iliyotoka nje. Sajini akabadilisha maneno: ng'ombe walikuwa wameokolewa kutoka kwa wezi, alisema, huko mbali mtoni.

"Vizuri," Kornelio akajibu, akaketi juu ya jiwe. "Hayo utamwambia Bwana Shauri mwenyewe."

Mchana gari la Bwana Shauri likafika, limetapakaa tope, Ryoba ndani. Kornelio aliwaongoza wote hadi zizini, akafunua ungo wa kwanza. Akamwomba Sajini akanyage kando ya alama ile. Benedicto alikanyaga kwa ncha ya buti.

"Kwa uzito wako, Sajini. Usiwaonee haya wanawake."

Alama mbili zilikaa pamoja, misumari kwa misumari, na kisigino kilichokatika upande uleule. Bwana Shauri alizitazama, kisha akamwomba Sajini avue mkanda wake wa uaskari. Palepale akamwagiza Kornelio akusanye ushahidi wa wizi wote uliotangulia. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiinamisha macho akasema, "Mimi nitaanza."

"Utaanza baada ya huyu mama," alisema Kornelio.

Kituoni lango lilipofunguliwa, Bhoke hakuingia. Alisimama nje, akaita majina kwa Kikurya. Kutoka nyuma ya jengo ng'ombe mwekundu akaitika, na wengine wakamfuata.