Msiba wa Selly Oak Usiokuwa na Marehemu

Naanza kwa kukiri, ili mtu asije akasema nimeficha: mimi ndiye yule mwinjilisti aliyeongoza msiba Selly Oak, mjini Birmingham, nyimbo zikaimbwa, watu wakalia, maharage yakapakuliwa, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Najua mmeshasikia habari hii kwa Katibu wa usharika wetu, na najua anavyoisimulia (anasimama kabisa na kuigiza ninavyotembea), lakini yeye alikuwa nyumbani Makambako anasoma kwenye simu, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa sakafuni.

Usharika wetu una urafiki na kanisa moja dogo la pale Aston, wengi wao ni Wakongo, na mwaka huu walituomba tupeleke watu wawili wakae nao wiki tatu wakihubiri. Alichaguliwa Mchungaji pamoja na Tumaini, kiongozi wa kwaya. Mchungaji akavunjika mguu, ikabidi wanichukue mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Dar es Salaam kumpeleka shangazi hospitali. Kwenye kikao Katibu akasema mbele ya watu wote, "Mwinjilisti ni mtu mzuri, sina neno naye, ila huyu akifika kule atatutia aibu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini liliniingia. Basi nikaondoka na ombi moja tu moyoni: Bwana, nipe nyumba moja. Moja tu inifungulie mlango na kupokea neno, nijue kwamba kweli nimetumwa, sikupelekwa kujaza kiti cha mwenye mguu mbovu.

Siku kumi na mbili zikapita, nyumba hakuna. Tulifikia kwa Mama Riziki, mama wa Uvira aliyekuja huko kama mkimbizi miaka mingi iliyopita na sasa anaujua mji ule kuliko waliozaliwa pale. Sheria yake ilikuwa fupi. "Papa Mwinjilisti, huku batu habapendi kugongewa. Unatia karatasi mu mulango, unaenda. Usigonge, usiingie. Tumesikilizana?" Tukasikilizana. Nikawa nasukuma vipeperushi kwenye vitundu vya barua mtaa baada ya mtaa, na upande wa pili nasikia vinaanguka taratibu kwenye zulia la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nasikiliza kila kimoja kinavyoanguka.

Halafu niwaambie jambo la usingizi, maana lina sehemu yake hapa. Mwezi wa sita kule jua halizami. Yaani linazama, lakini saa nne usiku bado unaona rangi ya shati la mtu, na saa kumi alfajiri ndege wameshaanza. Mimi nimezoea giza la Makambako, giza lenyewe, kwa hiyo nilikuwa nalala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, na mchana natembea nusu niko macho nusu naota. Miti yao ile mikubwa ilikuwa inamwaga kitu cheupe kama pamba, kinaelea tu hewani, hakishuki. Watu wanapita bila sauti. Kuna wakati nilikuwa nasimama njiani nashindwa kukumbuka kama ninaenda au ninarudi, na wala sikuona vibaya, ilikuwa raha fulani hivi, ya kusahaulika.

Siku ya kumi na tatu tulipanda treni mimi na Tumaini kutoka Aston hadi Selly Oak, mtaa wa wanafunzi wa chuo kikuu, ambao hupanga nyumba nzima wanne au watano pamoja. Nilisinzia njiani nikaota niko nyumbani. Tumaini akaniamsha, tukashuka, tukaingia mtaa wenye nyumba za matofali mekundu zilizobanana, na pale ndipo nilipoona.

Nje ya nyumba ya sita au ya saba, sofa mbili zimetolewa, ziko barabarani. Meza. Zulia limekunjwa. Godoro limeegemezwa ukutani. Vijana wawili wa kiume wamekaa kwenye sofa wamenyamaza, mmoja ameshika kichwa. Mlango wa mbele uko wazi kabisa (siku kumi na tatu sijaona mlango ulio wazi!), na kizingitini wasichana wawili wamevaa nyeusi, wamekumbatiana, wanalia. Wanalia kweli, mabega yanatikisika.

Sasa niambieni ninyi. Mtu wa Makambako akiona viti vya sebuleni vimetolewa nje, wanaume wako nje kimya, wanawake wako mlangoni wanalia, anahitaji kuambiwa nini tena?

"Tumaini," nikasema, "hapa kuna msiba."

Tumaini akatazama sofa, akatazama wale wasichana, akaanza kufungua mkoba wake kutoa kitenge cha kujifunga kiunoni. Yaani hakuuliza hata swali moja, na hilo huwa namkumbusha kila anaponicheka.

Nilikumbuka sheria ya Mama Riziki. Niliikumbuka vizuri sana. Lakini nikajiambia, sheria ile ni ya milango iliyofungwa, huu umefunguliwa, tena pengine umefunguliwa kwa ajili yangu. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa dogo tu, hatua tatu kutoka barabarani hadi kizingitini.

Nilianza kwa wanaume, kama inavyotakiwa. Nikakaa nao kwenye sofa, nikawapa mkono kwa mikono miwili, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule kwamba tumekuja kuwapa pole, Mungu yuko pamoja nao. Wakanishukuru. Yule aliyeshika kichwa akasema ni siku ngumu. (Baadaye nilijua kwamba alikuwa na hangover, maumivu ya pombe ya jana yake.) Nikaingia ndani. Sebule tupu, sakafu ya mbao, maua yamewekwa kwenye ndoo, kadi zimepangwa dirishani, na kwenye kona kuna maputo mawili. Maputo yalinisumbua kidogo, sisemi uongo, lakini nikajiambia kila watu wana taratibu zao.

Msichana mmoja mrefu, jina lake Ella, alitukaribisha vizuri sana. Nikamuuliza kama tunaweza kuimba na kuomba pamoja nao. Akawatazama wenzake, wakatazamana, akasema ndiyo, itakuwa vizuri. Basi tukakaa sakafuni, Tumaini akaanzisha wimbo wa maombolezo, ile sauti yake ya pili inayoanzia chini kabisa, na katika chumba kile kitupu ikawa inarudi kutoka kila ukuta, na wasichana wakaanza kulia upya, na wale wavulana wakaingia kutoka nje wakasimama mlangoni. Mwanga ulikuwa unaingia dirishani, vile vipamba vinaelea mpaka ndani. Nikafumba macho. Nikaona kwamba ombi langu limejibiwa. Naapa sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nikaona haya kuwa na furaha msibani.

Kama ningeishia hapo, tungeaga na kuondoka, hakuna ambaye angejua. Lakini nikaona nyumba ya msiba haina chakula, haina hata chai. Nikatoka nje nikampigia Mama Riziki.

"Muko ndani ya nyumba ya batu?" akapiga kelele. Nikamweleza: kuna msiba, ni vijana watupu, hakuna mtu mzima hata mmoja, hawajala. Kisha sauti yake ikabadilika. "Batoto bako peke yao? Non, non, haiwezekane. Tunakuya."

Na Tumaini naye, niliporudi ndani, alikuwa ameshatuma picha na ujumbe kwenye kundi la usharika: Mwinjilisti anaongoza ibada ya msiba kwa Waingereza, mtuombee. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Hongera mtumishi. Bwana asifiwe. Na Katibu, Katibu mwenyewe, akaandika: "Nilikosea juu yako, ndugu yangu. Tuma jina la marehemu, tutamwombea Jumapili."

Nilisoma ule ujumbe mara tatu. Nilitamani kuuweka kwenye fremu. Kisha nikagundua kwamba jina la marehemu silijui.

Msinicheke. Kwetu mtu hafiki msibani akauliza mlangoni amekufa nani. Unakaa kwanza, unalia na wanaolia, na wakati wake msemaji wa familia atasimama aeleze ugonjwa ulianzaje. Mimi nilikuwa namsubiri msemaji.

Badala yake wakaja akina mama wa kanisa la Aston. Magari mawili, wanawake tisa, vitenge vya rangi moja, sufuria za maharage na sombe, yaani kisamvu, na wali, thermos za chai, na ngoma moja. Wakashuka wanaimba. Majirani wakatoka kwenye milango yao. Wakaingia ndani moja kwa moja, kila mmoja akamkamata kijana mmoja na kumkumbatia, na vijana wakakumbatika, wakapewa sahani, wakala kama watu waliofunga. Mama Riziki akamlaza yule mwenye hangover kifuani na kumpigapiga mgongoni. Kisha akaniinamia sikioni.

"Papa, alikufa nani?"

"Bado hawajasema."

"Haba-ja-sema?"

Mtu alikuwa amesimama mlangoni, mzee wa Kizungu mwenye funguo mkononi, mwenye nyumba. Akaona chumba kimejaa watu wameketi sakafuni, wanawake wanaomboleza, akavua kofia yake. Akasubiri wimbo uishe, mtu mstaarabu sana. Kisha akauliza polepole, "Poleni jamani. Ni nani?"

Nikamtazama Ella, kwa heshima, nimpe nafasi ya kusema. Ella akanitazama mimi. Akawatazama wenzake. Wenzake wakanitazama mimi. Nilisikia kijiko kimoja kikikwangua sahani.

"Ni nani nini?" Ella akauliza.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha siku ile, masomo yamekwisha, wamekaa pamoja miaka mitatu na sasa kila mmoja anarudi kwao, ndiyo maana walikuwa wanalia, na sofa zilitolewa nje zichukuliwe na gari la taka. Nyeusi ni nguo zao za kila siku. "Sisi tulidhani ninyi ni kwaya ya chuo," akasema mmoja, "tulidhani mnapita kila nyumba kuwaaga wanaomaliza." Yule wa hangover akaanza kucheka, mwenye nyumba akafuatia, na wale mama tisa Wakongo wakaangua kicheko mpaka sufuria zikalia. Mama Riziki alijifuta machozi kwa kitenge. "Papa Mwinjilisti, utaniua! Utaniua, basi siye tupate marehemu!"

Mimi nilitoka nje. Sikuwa na mahali pa kwenda, nikakaa kwenye lile sofa barabarani, majirani wananitazama. Nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi: "Hakuna marehemu. Nilikosea. Walikuwa wanahama." Nikatuma kabla sijabadili mawazo. Nikaona Katibu anaandika, ameacha, anaandika tena, na nikaizima simu kabisa. Moyoni niliona nimepata jibu langu kuhusu kutumwa: sikutumwa. Nilijaza kiti tu. Na niliumia, niseme wazi, niliumia mpaka nikatamani ndege ya kurudi ingekuwa siku ile ile.

Ella akatoka na sahani yake ya wali, akakaa pembeni yangu. Nikaanza kumwomba msamaha, akatikisa kichwa. Alikula vijiko viwili vitatu, pamba za miti zinaelea, ndani wanaendelea kucheka na kupiga ngoma. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba mama yake alifariki mwezi wa pili. Alikwenda kwao Jumatatu, wakamzika, na Jumatatu iliyofuata akarudi darasani kwa sababu kulikuwa na mtihani. Watu walimtumia kadi. Hakuna aliyekaa naye sakafuni. "Mlipoanza kuimba," akasema, "nilijua mmekosea nyumba. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka tu msiache."

Sasa mimi, ninayehubiri dakika arobaini bila karatasi, niliyekuwa nimetoa pole kwa kila aliyepita kuanzia saa nane mchana, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Pole zote nilikuwa nimeshazimaliza mle ndani kwa maneno makubwa makubwa. Ilibaki kukaa. Tukakaa. Akalia, na mimi nikalia, na gari la taka lilipofika vijana wa gari wakatuona, wakapakia kwanza sofa la pili na meza na godoro na zulia, kisha wakasimama pembeni wanatusubiri tumalize.

Tangu siku ile nimejiwekea kiapo, na mnaweza kunishikilia nacho: sitaingia tena nyumba ya mtu na pole zangu mkononi kabla ya kuuliza ni nani aliyefariki. Na nikishaambiwa, nitafunga mdomo.