Ufito Mweupe Katika Paa la Sevjid

Ukilala chali katika hema la Sevjid ukatazama juu, utaona fito zote za paa zimepakwa rangi ya chungwa, isipokuwa mmoja. Huo ni mweupe, umepinda kidogo kama mgongo wa mtu aliyebeba maji, na una ufa. Wageni huuliza. Sevjid huwamiminia chai ya chumvi, akawaambia, "Ule ulikuwa upinde." Wao hucheka, naye huwaacha wacheke.

Mumewe Oidov alikuwa fundi wa pinde za Kimongolia, zile fupi ambazo mtu huzitumia akiwa juu ya farasi. Wengi hudhani ufundi wa upinde uko kwenye pembe, kano na gundi. Oidov alisema hizo ni nguo tu, mwili ni mti. Mwili mbovu hata uuvishe hariri, siku ya sikukuu utakuaibisha mbele za watu.

Kwa hiyo alikuwa mgumu wa kuchagua. Alingoja majani yapukutike na maji ya mti yateremke mizizini, ndipo akapanda upande wa mlima usioona jua. Kule miti ya gome jeupe hukua kwa shida, na mti uliokulia shidani haulegei. Alipitisha kiganja juu ya gome. Mistari ikizunguka shina, basi mti umejisokota ndani, akauacha na kwenda mwingine. Sevjid alimfuata mara nyingi na chupa ya chai, akakaa juu ya jiwe akiwawaza mbuzi wake.

"Unanisikia, mama Handaa?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema mti mzuri."

"Nimesema twende nyumbani."

Handaa ni binti yao wa pekee. Mwaka alioanza shule, babake alimkatia mti. Aliumwagia maziwa shinani kwanza, akauomba radhi, kisha akauleta nyumbani na kuuning'iniza mzimamzima kwenye ukuta wa hema, mbali na jiko, ukauke kwa raha zake. Kila walipohama, mti ulihama nao. Ahadi ilikuwa hivi: Handaa akiolewa, ataondoka na upinde wake mwenyewe. Kisha kifua cha Oidov kikaanza kumbana na vidole vikaanza kutetemeka, na kila mtu pale nyumbani akajua, bila kusemeana, kwamba huo ndio utakuwa upinde wake wa mwisho.

Tufani iliwakuta mwishoni mwa baridi, mchana, Oidov akiwa ameenda kuwatafuta farasi. Upepo ulilitikisa hema mpaka ufito mmoja ukakatika, paa likaanza kubonyea upande ule. Chini yake walikuwa wamelazwa wanambuzi waliozaliwa juzi, bado hawajui hata kusimama vizuri.

"Chukua mti wa kitanzi, Mama," Handaa alisema, mikono yote miwili imelishika paa. "Uko hapo nje ya mlango."

"Mti wa kukamatia farasi? Hata kuuruka haturuhusiwi, niukate? Unataka farasi wa babako wapotee wote?"

"Basi tulishike hivi mpaka upepo uchoke?"

Macho ya Sevjid yakaangukia ukutani, kwenye mti wa upinde wa Handaa. Mti ule hakuna mwiko uliomwambia usikatwe. Yeye alichokumbuka ni kwamba ulikuwa mti mzuri, mkavu, mnyoofu. Akatwaa msumeno, akaupunguza urefu, akauchonga ncha, akauchomeka juu. Paa likainuka. Wanambuzi wakapona.

Lakini theluji ilikaa juu ya paa siku kadhaa, na chini jiko lilikuwa likiwaka bila kupumzika.

Oidov aliporudi alivua kofia, akakaa, akapokea bakuli la chai. Ndipo akatazama juu.

"Hema limesimama," alisema.

"Limesimama."

"Mti wa kitanzi haukuwepo?"

"Ulikuwepo."

Akanywa chai. "Ule ningekata mwingine kule mtoni, siku hiyohiyo."

Sevjid alitamani afokewe, hata bakuli lirushwe, kuliko ule utulivu. Tufani ilipokwisha kabisa Oidov aliuchomoa mti, akaugonga kwa ukucha karibu na sikio. Ulilia butu, kama mlango. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepita katikati. Akaurudisha paani kwa mikono yake mwenyewe.

Majani yalipopukutika tena, wakaenda msituni pamoja. Safari hii Oidov hakuweza kupanda. Alibaki chini juu ya farasi, akihema, na Sevjid akapanda peke yake.

"Usinichagulie kama ulivyonichagua mimi," Oidov alimpigia kelele.

"Wewe sikukuchagua, uliletwa!"

Akamsikia akicheka, kisha akikohoa. Alipitisha kiganja juu ya gome la kwanza, mistari yake ikazunguka. La pili lilikuwa na mafundo. Alikwenda hivyo, mti kwa mti, akishangaa kwamba maneno machache ya Oidov aliyodhani yamempita yalikuwa yamembakia kichwani, na jinsi alivyoyahitaji yale mengine. Alipompelekea kipande, Oidov alikigonga, akasikiliza, akatabasamu.

"Huu ndio."

Sevjid akapanda tena, akaukata, akaufunga juu ya farasi. Mti mbichi hungojwa miaka, na kifua kile hakikuwa na miaka.

"Usiuweke karibu na jiko," Oidov alisema. "Na uwe unaugeuza."

"Nitaugeuza."

Nyasi za majira ya kuchipua hazikumkuta hai. Kiangazi Handaa akaolewa, akaondoka bila upinde. Ng'ambo ya mto yuko fundi anayekausha miti yake jikoni ili auze upesi. Ameshauulizia mti ule, na Sevjid amemkatalia. Handaa akija kumsalimu mamake huuangalia, haulizi.

Kila mwezi Sevjid huuteremsha, huugonga kwa ukucha, akausikiliza, kisha akaugeuzia ukutani upande mwingine. Oidov angemwuliza leo, "Nimesema nini?" angemjibu neno kwa neno.