Mtoto Nyuma ya Pazia

Kezia Blanden aliingia jukwaani London akiwa binti mdogo, akiimba katika safu ya nyuma ya waitikiaji, na miaka ikapita bila mtu kumtazama mara mbili. Alipopewa wimbo wake peke yake, tayari alikuwa na mtoto wa kunyonya.

Jumamosi ya kwanza aliyouimba, wimbo ulipoisha, ukumbi mzima ulipiga miguu sakafuni: "Rudia! Rudia!" Ndicho alichokiota siku zote, na akiondoka sasa huenda wasimwite tena. Lakini nyuma ya pazia mwanawe Wilfredi alikuwa akilia kwa njaa, na maziwa yalishaanza kulowesha gauni.

Akasogea mbele. "Jamani, kuna bwana huku nyuma anataka chakula chake, na kusubiri hajui."

"Mumeo huyo?" akauliza mwanamume mmoja kutoka roshani ya juu.

"Mume ningemwacha alale njaa! Ni mwanangu."

Wakaangua kicheko. "Nenda kamnyonyeshe, mama! Tunakungoja!"

Akakimbia, akakaa juu ya sanduku la mavazi, mtoto akashika ziwa. Huko ukumbini watu wakaanza kuuimba wimbo wake wao wenyewe, wakikosea maneno, na Kezia akawa anawasahihisha kwa sauti ya chini, huku akimpapasa mwanawe mgongoni.