Kuku ya Muzee

Wakati ule wa vita, mji wetu wa Butembo ulikuwa mikononi mwa waasi, na mutu aliyesema "twende tukaone mambo ya zamani" alionekana kama mutu aliyeshiba sana. Mais hata hivyo vitu vya kuona vilikuwako. Kulikuwa na kanisa kubwa la matofali kule juu, maduka ya kwanza ya wachuuzi wetu yenye nguzo za mbao, daraja ya muto Kimemi, na chini ya daraja ile nyumba ya mabati ambayo mwalimu mumoja mustaafu alijaza vyombo vya babu zetu. Aliiita musée, ndiyo makumbusho kwa Kifaransa. Sisi pia tuliiita hivyo, hata kama wengi wetu hatukuwa tumeingia.

Mimi sikusoma mingi, niliachia darasa la sita, na pengine mwingine angeeleza habari hii muzuri kuliko mimi. Naandika tu vile nilivyoona.

Juma lile mwalimu alipita kwetu mutaani Mususa, uso umemwanguka. Bureau, ile ofisi ya mji, ilimwambia kwamba nyumba isiyo na watu itapewa askari walale. Siku ya Mungu, Jumapili, jioni mutu wa bureau atakuja kuchukua ufunguo, isipokuwa akute wageni ndani. Nataka niseme haki: mvua ya Butembo ni ya baridi, na askari wale walikuwa wanalala sokoni juu ya meza za wauza nyama. Nao walizaliwa na wamama. Mais vile vyombo vingeenda wapi? Viti na ngoma vingekuwa kuni, hiyo tulijua.

"Mulete watu," mwalimu aliniomba. "Hata wachache tu."

Nikazunguka kwa majirani. Huyu ana misa, yule ana biashara, mwingine anaogopa bariera ya askari kule darajani. Nikabaki na songali wangu, dada ya baba, aliyekuwa ameshuka kutoka Masereka kutusalimia.

"Songali, siku ya Mungu nitakupeleka kuona musée."

Akafurahi. "Anakaa wapi?"

"Kando ya Kimemi."

"Na iko muzee kweli?"

"Eh, iko ya zamani sana."

Sikusikia kitu. Kwetu musée na muzee vinatoka kinywani karibu sawasawa, na songali hakuwahi kusoma Kifaransa.

Siku yenyewe, baada ya misa, akatoka na kuku amefungwa ndani ya kitenge, kichwa tu kinaonekana. Nikafikiri anaenda kumuuzisha. Nikamuonyesha kanisa. "Matofali hata Masereka iko," akasema. Nikamuonyesha maduka ya zamani. "Nani anakaa mule?" Nikamujibu hakuna mutu. "Basi twende kwa mwenye kukaa, kuku inachoka."

Darajani askari akatuzuia. "Munaenda wapi, bamama?"

Kabla sijafungua kinywa, songali akajibu: "Tunaenda kwa Muzee."

Hapa lazima nieleze. Waasi walikuwa wanapigana na mukubwa wa Kinshasa, na yule mukubwa, inchi nzima ilimwita Muzee. Kutaja jina lile kwenye bariera ilikuwa kujifunga kamba mwenyewe.

"Muzee gani?"

"Ule wa hapa chini. Ananingojea."

"Anakungojea juu ya nini?"

"Nimuletee kuku. Mutu haendi kwa muzee mikono mitupu."

"Na nani alikutuma?"

"Huyu hapa," songali akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Commandant wao akainuka kwenye kiti. "Mama, huyo Muzee alifika Butembo siku gani?"

"Miye nijue wapi? Banasema iko hapa tangu zamani. Anakaa tu ndani ya nyumba, hatoki."

Mimi nikajaribu. "Mon commandant, si muzee. Ni musée."

"Unasema nini? Si Muzee, ni Muzee?"

Askari mumoja akanyoosha mukono: "Lete kuku, sisi tutamupelekea."

"Kuku ni ya muzee," songali akamwambia. "Weye uko muzee? Hata ndevu hauna."

Wenzake wakacheka. Commandant hakucheka. "Tangulieni."

Tukatangulia, bunduki nyuma yetu. Watu waliokuwa wanatoka misa wakatuona. Nikasikia mumoja anasema, "Bamekamata bamama." Mwingine akamusahihisha: "Hapana, banaenda kukamata Muzee mwenyewe. Iko huku kwetu, weye haukujua?" Wakatufuata kwa mbali, halafu kwa karibu.

Mwalimu akatoka mulangoni, ufunguo mukononi.

"Weye ndiye Muzee?"

"Hapana, chef. Miye niko mulinzi tu."

"Na Muzee iko wapi?"

Mwalimu naye akasikia vyake. "Musée? Iko ndani."

Wakasukuma mulango, vidole kwenye bunduki. Ndani kulikuwa na ngoma, majembe ya chuma cha zamani, vyungu, viti vya miguu mitatu, na vitunga vyenye mikanda ya ngozi. Commandant akachungulia hata nyuma ya ngoma. Hakuna mutu.

Songali hakuwaangalia. Aliweka kuku chini, akashika kitunga kimoja, akavaa mukanda wake kwenye paji la uso, pale ambapo mizigo ya viazi ya maisha yake yote ilimuchimbia mufereji. Mukanda ukakaa kabisa. Akainama, akatembea nao kwenda na kurudi.

Commandant akamwangalia sana. "Mama yangu alibeba hivyo hivyo," akasema pole pole. "Kule kwetu kusini."

"Nilifikiri muzee ni mumoja," songali akamujibu. "Kumbe bako bengi." Akaanza kusalimia: ngoma kwa mikono miwili, kiti, chungu, kila kimoja kwa zamu yake.

Pale ndipo commandant alicheka. Akageukia askari wake: "Bunduki inje. Hapa ni kwa bazee."

Watu waliokuwa wamejaa kiwanjani wakaona bunduki zinatoka bila Muzee, wakataka kujua. Wakaingia. Wakaitana. Jioni mustari wa watu wanaongoja kuingia ulifika mpaka darajani.

Mutu wa bureau alipofika hakuweza kupita mulangoni. "Bote hawa banafanya nini?" akauliza.

Ule askari asiye na ndevu, ambaye naye alikuwa ndani ya mustari, akamujibu: "Banaona Muzee. Ingia nyuma, papa."

Sitamusingizia yule mutu. Angeweza kukasirika, mais alifuata mustari, akaona ngoma, akatoka. Ufunguo ulikuwa mukononi mwa mwalimu, mbele ya macho yake. "Ufunge muzuri usiku," akamwambia, akaenda.

Kuku ilibaki mule. Hakuna aliyethubutu kuila, ikataga mayai ndani ya chungu cha zamani. Na nyumba iko mpaka leo: ukimwambia motard "musée" atakuuliza mara mbili, mwambie "kwa Muzee" anawasha pikipiki yake na kwenda.

Songali alirudi Masereka akijisifu. Alisimulia kote kwamba Butembo ni mji wa heshima, maana ukienda kusalimia wazee, askari banakusindikiza.