Mafuta ya Alizeti Kwenye Mashine ya Povu

Leo nimeua povu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nina tangi la samaki wa baharini hapa Singida. Maji yalishaanza kuchafuka, nikanunua mashine ya kutoa uchafu kwa povu.

Kikombe chake cha kukusanyia povu kikagoma kuingia mahali pake.

Mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Ikungi, akasema, "Paka alizeti."

Si ndiyo dawa yetu ya kila kinachokaza? Nikapaka, kikaingia kilaini.

Nikawasha. Povu hakuna.

Nikampigia muuzaji. "Umepaka mafuta?"

Nikakiri: ya alizeti.

"Mafuta yanaua povu. Fungua, osha yote."

Samaki wanahema juu ya maji kwa kukosa hewa, kwa hiyo silali. Naosha kwa maji ya moto.

Mama bado kashika chupa ya mafuta. "Sasa kitaingiaje, mwanangu?"

"Kwa maji, mama. Na hasira."

Wenye matangi, nyie mnapaka nini?