Honi na Taa ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilipeleka pikipiki zangu nane kwenye ukaguzi wa mwaka hapa Musoma. Zote nane zikapita, na hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na fundi mwingine. Nina gereji mbili, moja Buhare na nyingine Bunda mjini, na shule niliiacha darasa la tano. Ukimsikia mtu anasema bila cheti hufiki popote, mlete kwangu nimnyweshe chai. Basi nimesimama pale nasubiri stika zangu, nyuma yangu akaja kijana wa Butiama na kizee cha pikipiki, tangi limepakwa rangi kwa brashi, siti imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mkaguzi akamwambia, "Haya, piga honi." Ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Watu wakacheka. Mimi nikakaa kwenye tairi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Kwetu ni kijiji cha pamba, barabara ya kwenda Kibara. Upepo ukigeuka jioni unanusa dagaa wanaoanikwa ziwani, lakini ziwa lenyewe hulioni. Kijiji kizima kilikuwa na pikipiki mbili, ya baba na ya Mwalimu, jirani yetu, na zote zilikuwa zimeshazeeka kabla hazijatufikia. Baba aliinunua yake kwa ng'ombe. Alikuwaga anaiosha yeye mwenyewe kila Jumapili, sisi watoto tujioshe tunavyojua. Na hakumpandishaga mtu, hata mama yake mzazi. "Pikipiki siyo machela," alisema.

Bibi alikuwa na presha ya macho. Daktari wa Bunda alimwambia dawa isikatike hata mwezi mmoja, ikikatika macho yatazima kama koroboi iliyokauka mafuta. Aliyempeleka ni Mwalimu. Kila mwisho wa mwezi bibi alikaa upande nyuma yake, wamefungwa kanga moja kiunoni, wanaondoka alfajiri ugali wa mtama wa jana umefungwa kwenye jani la mgomba. Jioni anarudi na dawa yake na karanga za kutugawia, anasimulia barabara nzima, nani kajenga, nani kahama, ng'ombe wa nani wamekonda.

Mwalimu hakuomba kitu ila taa. Taa nzima ya mbele ilikuwa moja kijijini, ya baba, ile ya Mwalimu ilishakufa zamani. Siku ya ukaguzi walikwenda Bunda pamoja. Baba anatangulia, anapita, anabandikwa stika. Kisha nyuma ya ukuta wa ghala la pamba taa inafunguliwa, inahamia kwa Mwalimu, naye anapita. Baba amkopeshe taa, Mwalimu ampeleke bibi. Ndiyo yalikuwa mapatano yao, na fundi wa kuihamisha nilikuwa mimi, miaka kumi na moja, spana namba kumi mkononi. Ungemaliza kumenya kiazi, mimi taa nimeshaifunga na waya nimeunga. Watu wazima walikuwa wananishangaa, sisemi uongo.

Bibi hakujua kusoma. Kalenda yake ilikuwa rangi za stika, maana kila mwaka ilibadilika. "Wewe ulizaliwa mwaka wa stika ya njano," aliniambiaga. "Mwaka wa ile nyekundu mvua ilikataa." Tukirudi toka Bunda, swali lake la kwanza: mwaka huu rangi gani?

Sasa mwaka huo, wiki moja kabla ya ukaguzi, Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nisome. Herufi zikanishinda. Akanishika mikono yote miwili, akaiinua wenzangu waione. "Huyu akili yake yote imekimbilia huku. Kichwani zimebaki nywele." Walicheka mpaka kengele. Walicheka na kesho yake, na mtondogoo, kisimani, malishoni. Mikono, mikono, wananiita.

Siku ya ukaguzi baba akapita. Nyuma ya ghala nikamfungia Mwalimu taa vizuri kabisa, nati zimekaza. Ila waya wa honi niliupeleka kwenye taa, na wa taa nikaupeleka kwenye honi.

"Mwalimu, washa taa," mkaguzi akasema.

Honi ikalia.

"Nimesema taa."

Ikalia tena.

"Haya, basi piga honi."

Taa ikawaka mchana kweupe, ikammulika mkaguzi tumboni. Uwanja ulivunjika mbavu. Muuza karanga aliacha sinia lake akaja kuona. "Unafundisha shule gani wewe?" mkaguzi akamuuliza. Mwalimu akataja. "Basi wanafunzi wako ukiwauliza mbili jumlisha mbili, wanakutajia mji mkuu." Akamrudisha mara nne, washa, piga, washa, piga, anawaita wenzake waje watazame. Aliyecheka kuliko wote ni baba, stika yake imeshakauka. Kisha mkaguzi akachora msalaba wa chaki kwenye tangi, akang'oa namba.

Mwalimu angeweza kunitaja. Lakini kunitaja ni kuitaja taa, na kuitaja taa ni kumnyang'anya baba stika. Akaenda kutafuta lori. Pikipiki ikapakiwa juu ya lori la pamba, imelazwa kama dume lililofungwa miguu. Kabla hajapanda, akaniangalia mikono, usoni hakuangalia. "Umefunga vizuri," akasema. "Imekaza."

Baba hakumkopesha taa tena, kwamba amemtia aibu mjini. Msimu wa pamba ukaisha, malori ya kudandia nayo yakaacha kuja. Bibi akaomba kupelekwa kwenye dawa. "Kwani uzee una dawa?" baba akamjibu. Mwaka mpya Mwalimu akahamishiwa Bukima. Kufikia palizi, bibi alikuwa hatofautishi jogoo na tetea. Nikawa namshika mkono kwenda chooni, mkono huu huu.

Na kila mwaka aliniuliza rangi. Namwambia ya bluu, namwambia nyeupe. Anaigeuza geuza kichwani, halafu: "Na ya Mwalimu huko Bukima, imepita?"

"Imepita, bibi." Sikujua chochote. Nilitaka tu anyamaze.

"Basi kama inapita, amenichoka tu," akasema. Ndivyo alivyoamini mpaka tunamzika.

Maneno ya Mwalimu yamenilisha miaka thelathini. Akili yangu iko mikononi kweli, na imejenga nyumba mbili za bati. Ila lile ghala limebomolewa, na sijaona tena mtu anamfungulia mwenzake taa nyuma ya ukuta. Siku hizi kila mtu na taa yake.

Yule kijana wa Butiama alifeli. Honi ililia, taa ikakataa. Nilipoinuka kwenye tairi alikuwa ameshafika barabarani, anasukuma, watoto wanamfuata nyuma wanamlilia kama mbuzi. Mbele yangu zimepangwa pikipiki nane, taa nane, na spana namba kumi iko mfukoni. Sikumwita.

Stika ya mwaka huu ni ya kijani. Nimefika nazo nyumbani, hakuna aliyeniuliza.