Karai la Gachanja

Mwaka wa 1956, Ephantus Gachanja, mwenye bucha kule Kamenu, alikuwa na elimu ya kitu kimoja tu, na aliitangaza kuliko mwalimu: damu. Mbuzi akichinjwa na damu ikamiminwa kwenye karai, Gachanja alishika kijiti akakoroga mfululizo mpaka nyuzi nyeupe zikajisokota juu yake. Hizo aliwatupia mbwa. Damu iliyobaki ilikuwa nyepesi, tayari kujazwa kwenye utumbo na kuchomwa iwe mutura.

"Ukiiacha isimame kidogo tu," aliwafundisha wateja ambao hawakuuliza, "zile nyuzi zinanasa damu, inakuwa bonge. Na bonge halirudi kuwa damu."

Idah, mkewe, hakuruhusiwa hata kusogelea karai. Mutura ni kazi ya wanaume, na mwanamume mwenyewe ndiye huyo.

Basi moyo wa Gachanja ukaanza kupiga ovyo: mara tatu haraka, kimya, mara moja, kimya tena. Mwingine angeogopa. Gachanja aliwashikisha wateja kifua, akajigamba kwamba moyo wa dume haupangi foleni.

Jumatano Idah alimburura hadi zahanati. Kaleli, dresa aliyetibu watu pale, Mkamba mwenye subira ya punda, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mzee, kuna chumba cha moyo wako kinatetemeka tu, hakisukumi. Damu inasimama humo, inaganda. Kipande kikichomoka kikapanda kichwani, kitaziba mshipa, upate kiharusi. Chukua barua hii ya ruhusa ya kusafiri, maana hali ya hatari bado ipo, uende Nairobi kwa daktari mkubwa."

"Aca! Hapana! Wewe Kaleli unanifundisha mimi damu? Hii yangu inajikoroga yenyewe!"

Miaka ishirini ameona damu ikiganda kwa kusimama, anaambiwa yake imesimama, anacheka! Ujinga wa asiyejua una dawa. Huu wa anayejua hauna. Barua ya Kaleli aliitumia kufungia nyama ya mteja.

Jumamosi bucha ilijaa. Gachanja alikuwa akikoroga huku akimwiga Kaleli, sauti nyembamba, shingo imepinda. Ghafla kijiti kikamponyoka, mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Wateja walikufa kwa kicheko, wakidhani uigizaji umenoga. Waliendelea kucheka hata alipoanguka. Idah peke yake ndiye aliyepiga mayowe.

Hakufa. Lakini katika maneno yote aliyowamwagia watu, lilimbakia moja. Mchungaji akija kumwombea, humjibu, "Koroga." Akitaka chai, "Koroga." Akimlilia mkewe, ni hilo hilo.

Siku hizi Idah ndiye anayeshika kijiti, na watu hutoka hata Ruiru kufuata mutura wake. Gachanja huketi kando kwenye kigoda, mkono umelala mapajani, macho kwenye karai.

"Koroga," anasema, machozi yakimtiririka.

"Nakoroga, Baba Ngendo," Idah humjibu bila kuinua uso. "Ya mbuzi ndiyo ninayoweza."